Aksoloto wako amebadilika? Anza na maji

Kijana mmoja alituletea sisi tunaotibu wanyama ndoo iliyofunikwa kanga. Ndani alikuwamo aksoloto mweupe, mnyama wa majini wa jamii ya salamanda, ncha ya mkia imejikunja kama ndoana, matamvua yake mekundu ya kupumulia yamelalia mbele ya uso. Ilikuwa siku ya tatu hali chakula. Mwenyewe alikwishanunua dawa ya samaki. Nilitia mkono majini, nikahisi uvuguvugu. Kipimajoto kikaonesha nyuzi 30.

Mnyama huyu asili yake ni Xochimilco, kusini mwa Jiji la Mexico, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Maji anayoyapenda ni ya nyuzi 16 hadi 18, yakipita 24 anataabika. Hapa Unguja, kaskazi ikivuma, hata usiku nyumba nyingi za mjini hazifikii ubaridi huo. Kwa hiyo mimi, kabla ya kufikiria ugonjwa, huuliza joto. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, na wakati huohuo mwili wake unaihitaji zaidi. Akipanda juu mara mojamoja kuvuta hewa usihofu, ana mapafu. Akipanda kila baada ya dakika chache, ameelemewa.

La pili ni amonia, inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula. Hapa kwetu lina uzito wake. Maji ya visima vyetu yamepita kwenye mwamba wa matumbawe, ndiyo maana birika za chai huota ukoko mweupe. Ugumu wa maji hayo haumdhuru aksoloto, ila yana alkali, na amonia kwenye maji ya alkali na joto huwa sumu kali zaidi. Ngozi inapiga wekundu, matamvua yananyonyoka, mnyama anakimbia huku na huku tangini. Kipimo cha amonia kinatakiwa kisome sifuri.

Akielea bila kuweza kuzama, tazama sakafu ya tangi. Aksoloto hufyonza chakula pamoja na kilicho jirani, na changarawe humziba tumbo. Usimminye. Mlete.

Badilisha robo ya maji kwa maji yaliyokwisha kutolewa klorini. Ili kuyapooza, tia tangini chupa ya maji yaliyogandishwa, yenye kifuniko, moja baada ya nyingine, maana joto likishuka ghafla nalo linaumiza. Weka chupa za akiba, umeme ukikatika zitakufaa. Dawa za samaki zenye shaba ziache kabisa, ngozi yake inanyonya kila kitu. Ukiona utando mweupe kama pamba kwenye matamvua, huo ni ukungu, usichelewe.

Yule wa kwenye ndoo alipokea nyungunyungu siku ya tano, baada ya maji kupoa taratibu. Lakini nasema wazi: usiye na njia ya kuyapooza maji mwaka mzima, usimnunue.

Mkija kwetu, leteni na maji ya tangi katika chupa safi, kabla hamjayabadilisha.