Mfanyabiashara wa Venice si Shylock

Wengi hudhani mfanyabiashara anayetajwa katika jina la tamthilia ya Shakespeare, ile iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere kama Mabepari wa Venisi, ni Shylock. Siye. Ni Antonio, mwenye mali baharini. Shylock ni Myahudi mkopeshaji. Hata ukurasa wa jina wa chapa ya 1600 unawatenganisha: ukatili wa Shylock dhidi ya "mfanyabiashara huyo".

Kosa hili lina uzito, kwa sababu linamfunika Antonio. Rudi sehemu ya kwanza, onyesho la tatu: Antonio anaomba mkopo wa dukati 3,000 (sarafu za dhahabu) kwa miezi mitatu kutoka kwa Shylock, mtu ambaye yeye Antonio alimtemea mate ndevuni na kumwita mbwa, kisha anasema yuko tayari kumtemea tena. Ratili ya nyama, yaani rehani kwamba deni lisipolipwa Shylock atakata nyama ya uzito huo mwilini mwa Antonio, inatajwa baada ya hapo.

Deni halilipwi kwa wakati, na mahakamani Shylock anataka kumuua Antonio, hilo halifichiki. Lakini hukumu haiishii kumzuia: ananyang'anywa mali, na Antonio ndiye anayetoa sharti kwamba abadili dini awe Mkristo. Akiondoka, anasema anaumwa.