Sumukuvu: ukungu ukifutwa, sumu inabaki

Neno lenyewe limejieleza: sumu ya kuvu. Kuvu ndiyo ule ukungu wa kijani, mweupe au wa waridi tunaouona kwenye gunzi lililolala chini. Sumukuvu ni kemikali inayotengenezwa na kuvu hiyo ikiwa ndani ya punje. Ndiyo maana mahindi yaliyovunda ukiyafuta, ukayapepeta na kuyaanika upya, yanapendeza macho tu. Sumu haina rangi, harufu wala ladha. Moto wa ugali nao hauiwezi: aflatoksini, mojawapo ya sumukuvu, huvumilia zaidi ya nyuzi 200, na maji ya kusongea, kwa mwinuko huu wa Mbeya, huchemka hata kabla ya nyuzi 100.

Aflatoksini ndiyo yenye jina. Huharibu ini, husababisha saratani yake, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kuvu yake hupenda joto na ukame, kwa hiyo sisi wa nyanda za juu husema hayo ni ya huko kwao. Tunasahau fumonisini, sumukuvu nyingine, ambayo kuvu yake haihitaji joto kali namna hiyo na huanza kazi mahindi yakiwa bado shambani. Funza akitoboa gunzi, yeye amefungua mlango; mvua ikikuta mahindi yamekomaa na hayajavunwa, kuvu inajilia.

Kiwango kinachoruhusiwa nchini ni mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kilo. Piga hesabu: gramu moja tu, ikisambaa sawasawa, inafikisha gunia 1,000 za kilo mia kwenye kikomo hicho. Fumonisini imewekewa miligramu 2 kwa kilo.

Ghalani adui ni unyevu. Mahindi yanatakiwa yasizidi asilimia 13.5. Kung'ata punje kunadanganya. Afadhali chupa ya kioo iliyokauka: tia mahindi, ongeza chumvi kavu, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudi kwenye turubai. Isipoganda, unyevu uko chini ya kama asilimia 15, kwa hiyo bado anika kidogo. Mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri, lakini ukiifungia mahindi mabichi umefungia tatizo.

Kukoboa kunasaidia sana, kwa kuwa sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini. Hapo sembe inaizidi dona, ingawa kwa virutubisho dona ndiyo bora. Ila pumba haitupwi. Inakwenda kwa nguruwe, kwa kuku, na kwa ng'ombe wa maziwa kama wale wa Rungwe. Ng'ombe akila aflatoksini, sehemu yake hutoka kwenye maziwa. Na yale mahindi mabovu yaliyochambuliwa kando, tusifichane, mara nyingi huishia kwenye pipa la komoni, pombe ya mahindi, na kuchachua hakuimalizi sumu.