Kukesha hakuzuii kifafa

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu miaka nenda miaka rudi: kijana mwenye kifafa asilale sana kwa kuwa kifafa "humvizia usingizini", na akiamka mchovu, basi ni dawa zinammaliza, aziache. Si kweli, na ukifuatwa unaweza kumuumiza mtu.

Kukosa usingizi ni miongoni mwa vichocheo vikubwa vya kifafa. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 kila usiku. Anayekesha kwa hofu huamka hoi, na ubongo uliochoka hushikwa kwa urahisi zaidi. Ipo hata aina ya kifafa cha ujanani inayojitokeza hasa asubuhi baada ya kukesha: mikono inashtuka ghafla, kikombe kinamponyoka.

Mkanganyiko unaeleweka. Wapo kweli wanaoshikwa wakiwa usingizini. Huamka kichwa kinauma, ulimi umeng'atwa, shuka limelowa. Uchovu huo ni mabaki ya kifafa chenyewe, wala si uvivu. Baadhi ya dawa nazo huleta usingizi, hasa wiki za mwanzo au dozi inapopandishwa. Hapo daktari hurekebisha dozi au saa za kumeza. Kuziacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika, na likizidi dakika 5 ni dharura.

Unataka kuhakikisha? Kwa wiki 4, andika saa ya kulala, ya kuamka, ya kumeza dawa, na siku za kushikwa, kisha umwoneshe daktari. Ujumbe ule ukikufikia tena, usiusambaze; mweleze aliyeutuma kwa upole, pembeni ikiwezekana.