Lami Mpya Hufia Pembeni: Andaa Kingo za Maegesho Kabla ya Kurudishia

Kuanzia Juni hadi Septemba mvua huwa imekatika, na malori ya korosho bado hayajaanza kupanga foleni maghalani. Kwa wenye maegesho ya lami Mtwara na Lindi, huu ndio wakati mzuri wa kurudishia lami. Wenye nyumba za wageni, vituo vya mafuta, maghala na nyumba za ibada huuliza kwanza lami iwe na unene gani. Mimi huwaomba tukaangalie kingo kwanza. Maegesho mengi huanza kuharibika pembeni, na ukimwaga tabaka jipya juu ya ukingo uliochoka umefukia fedha zako.

Simama kwenye lango la ghala msimu wa korosho uangalie semitrela lenye mzigo likikata kona. Tairi la nyuma la ndani hupanda ukingoni, hushuka mchangani, kisha hupanda tena. Katikati ya uwanja uzito ule husambaa pande zote, lakini pembeni kuna upande mmoja usio na cha kuubeba. Lami hupinda, na ufa hujitokeza sambamba na ukingo. Mvua za Desemba zikiingia humo, msingi hulainika na kipande kizima hukatika. Sheria ya uzito wa magari ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, na uzito wa ekseli ukiongezeka maradufu madhara kwa lami huongezeka mara 16 au zaidi. Kwa hiyo uwanja uliojengwa kwa magari madogo usitarajiwe kubeba malori kwa sababu tu umeongezewa lami juu.

Ardhi yetu ya pwani nayo ina tabia yake. Sehemu kubwa ni mchanga, na mchanga hubeba vizuri ukibanwa, usipobanwa hukimbia. Ndiyo maana msingi wa kokoto, au wa mawe ya matumbawe yaliyosagwa na kushindiliwa, unapaswa kutokeza nje ya lami angalau sentimita 30. Kuukatisha pale pale lami inapoishia ili kuokoa kokoto ni kujidanganya.

Kabla hujamwita mkandarasi, mvua zikiwa bado hazijakatika, subiri siku inyeshe, kisha asubuhi yake chukua bisibisi ndefu uchome ardhi kando ya ukingo na ndani ya nyufa. Ikizama bila nguvu, msingi umelowa na umelegea. Angalia pia nyufa zilizosukana kama ngozi ya mamba. Hizo hazitibiwi kwa kufunikwa, kwa sababu zitajitokeza tena juu ya lami mpya. Eneo hilo likatwe kwa mashine katika umbo la mstatili, mkato uingie sentimita 30 hivi kwenye lami iliyo nzima kuzunguka nyufa, na kuta zake zisimame wima. Kinachofuata ni kuchimba hadi ardhi ngumu na kujaza upya kwa matabaka yasiyozidi sentimita 15, kila tabaka likitiwa maji kiasi na kushindiliwa.

Sehemu inayorukwa zaidi ni pale lami mpya inapokutana na kitu kisichoweza kuinuliwa: mtaro wa zege, kizingiti cha mlango, mawe ya ukingo, au barabara ya mtaa. Mafundi wengine hupunguza unene taratibu hadi lami iwe nyembamba kabisa. Mchanganyiko wenye kokoto za milimita 14 hauwezi kukaa katika unene wa sentimita moja; kokoto hupasuka chini ya mtambo wa kushindilia na ukingo humeguka. Njia sahihi ni kukwangua lami ya zamani katika ukanda wa mita moja hadi mbili. Kina cha ukanda huo kiwe sawa na unene wa tabaka jipya pale ukingoni, tuseme milimita 40, kisha kipungue kuelekea ndani hadi kiishe. Usipokwangua, lami mpya itasimama juu kuliko mtaro, na maji yaliyokuwa yakiingia mtaroni yatarudi mlangoni kwako.

Usafi nao usichukuliwe kwa mzaha. Dizeli huyeyusha lami, hivyo madoa laini yaondolewe kabisa, si kunyunyiziwa mchanga. Vumbi lipulizwe kwa kompresa. Baada ya hapo inapigwa emulsheni (lami iliyochanganywa na maji) nyembamba ya kugandisha tabaka jipya na la zamani, pamoja na kwenye kuta wima za mikato. Ikimwagwa ni ya kahawia. Msiweke lami juu yake mpaka igeuke nyeusi. Na isizidi, kwa kuwa emulsheni nyingi hufanya tabaka la juu liteleze.

Lami ya moto ishindiliwe mapema ikiwa ingali na joto, kwani ikishuka chini ya nyuzi 80 hivi haishikani tena vizuri. Kwenye ukingo usio na mawe, gurudumu la chuma la mtambo litokeze nje ya lami kama sentimita 15, vinginevyo ukingo husukumwa na kupasuka. Mwinamo wa sentimita 2 kwa kila mita unatosha kuondoa maji.

Pembeni jaza moramu na uishindilie, ikae chini ya uso wa lami kwa sentimita mbili hivi. Nyasi na mchanga vinavyorundikana hapo huzuia maji kutoka, kwa hiyo vikwanguliwe kila mwaka kabla ya mvua kuanza.

Katika mkataba, kazi za kingo ziandikwe peke yake na zipimwe kwa mita za urefu, kwa sababu zikifichwa ndani ya bei ya mita ya mraba ndizo za kwanza kurukwa. Kabla ya kulipa awamu ya mwisho, leta boza la maji, mwaga uwanjani na usubiri saa moja. Maji yakiwa bado yametuama popote, hasa ukingoni, paliponywea parekebishwe kwanza.