Ada ya Shule Kutoka Paybill Kuingia Kwenye Mfumo: Wapi Msimbo Wako Unahitajika

Karani wa ada ya shule anayenakili jumbe za M-Pesa mmoja mmoja hadi kitabuni mara nyingi ana kompyuta, tena yenye programu nzuri ya hesabu. Kinachokosekana ni njia ya kutoa taarifa ya malipo Safaricom na kuifikisha kwenye programu hiyo bila mkono wa mtu.

Njia hiyo ipo. Kupitia Daraja, API ya Safaricom (njia ya programu mbili kuzungumza), shule yenye Paybill (namba ya kupokea malipo ya M-Pesa) husajili anwani ya mtandaoni, na kila mzazi akilipa taarifa hutumwa hapo: namba ya muamala, kiasi, saa, na akaunti aliyoandika. Programu za kuunganisha kazi kama n8n au Zapier huweza kuipokea, kuijaza kwenye jedwali na kumtumia mzazi SMS. Ikiwa mahitaji yako yanaishia hapo, usimlipe mtu akuandikie msimbo, yaani maagizo ya kompyuta.

Kazi hubadilika wazazi wanapoandika akaunti wapendavyo. Namba ya mwanafunzi ni 4E/0417, lakini zitakuja "4e 0417", "0417" na "Ada ya Brian". Mistari michache ya JavaScript, lugha ya kuandikia msimbo, huondoa nafasi na alama, hugeuza herufi zote kuwa kubwa, kisha hutafuta kwenye orodha ya wanafunzi. Asipopatikana, msimbo usibahatishe. Fedha ziwekwe kwenye akaunti ya kusubiri, karani aamue. Brian wako wangapi shuleni?

Saa nayo huleta kero. Seva nyingi za kukodi, yaani kompyuta za mtandaoni zinazoendesha msimbo, hufuata UTC, saa ya kimataifa iliyo saa tatu nyuma ya Nairobi. Ukitumia saa ya seva badala ya ile iliyomo kwenye taarifa, malipo ya saa nane usiku wa kuamkia Mei 1 yatasomeka ya Aprili 30, na hesabu za mwezi hazitaoana.

Ila linaloumiza zaidi ni muamala kuingia mara mbili. Mtandao huyumba, fundi hurudia kuingiza data baada ya hitilafu, na mzazi aliyelipa shilingi 5,000 anasomeka amelipa 10,000. Wengi huandika msimbo unaouliza kwanza, "Je, muamala huu upo?" Haitoshi: taarifa mbili zikifika kwa pamoja, zote zitajibiwa kwamba haupo. Iambie hifadhidata yenyewe ikatae namba ya muamala inayojirudia. Taarifa ambazo hazikufika kabisa utazigundua kwa kulinganisha mfumo na taarifa ya akaunti ya Paybill kila jioni.

Kumbuka pia kwamba anwani hiyo iko wazi mtandaoni. Anayeijua anaweza kutuma malipo ya uongo, basi msimbo uhakiki chanzo cha taarifa kabla ya kumpa mtu risiti. Funguo za siri za API zisiandikwe ndani ya msimbo, wala zisitumwe kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi (tunayaona haya). Na kwa kuwa majina na simu za wazazi ni data binafsi, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inakuhusu.

Daraja ina mazingira ya majaribio yasiyogusa fedha halisi. Kabla ya muhula kufunguliwa, tuma humo taarifa moja mara mbili, nyingine yenye akaunti isiyokuwepo, kisha zima seva katikati ya kazi uone kilichosalia kwenye jedwali.