Dawa za Parkinson zina saa zake, msizihamishe

Aprili 11 ni siku ya ugonjwa wa Parkinson duniani, na kila ikipita simu za kliniki zinaongezeka, ndugu wanauliza yaleyale, kwa hiyo naandika hapa wote msome. Mimi ni mfamasia, kupima na kuutaja ugonjwa ni kazi ya daktari, mimi naongelea dawa.

Kifupi tu, seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili, zinakufa kidogokidogo, ndo maana mwili unakuwa mzito, unakakamaa, mkono unatetemeka ukiwa umetulia. Wengine hawatetemeki kabisa. Kuna mzee alikuja kwetu baada ya benki kumkatalia sahihi, maandishi yamekuwa madogo mpaka jina halisomeki, nyumbani wanasema uzee tu huo. Sio uzee na sio kurogwa, jamani hili tumelisema mpaka tumechoka. Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliotoka 2008, ulikuta wagonjwa wengi hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini.

Sasa dawa. Levodopa, dawa kuu ya ugonjwa huu, haiponyeshi, inampa mtu masaa kadhaa ya kujimudu halafu inaisha nguvu, kwa hiyo kama umeandikiwa saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni basi ni saa hizo hizo, sio "nikikumbuka". Meza kama nusu saa kabla ya kula, maana protini inagombania njia na dawa. Mtu anameza na supu ya ng'ombe au maharage, saa nne ananipigia eti nimempa dawa feki! Ikikuchefua tumbo likiwa tupu, kula biskuti kavu kidogo. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma vitenganishe nayo, kama masaa mawili hivi. Mkojo au jasho likiwa na rangi ya kahawia au wekundu ni dawa hiyo, sio damu.

Usiache ghafla. Hata kwa mfungo, hata kwa maombi, ongea na daktari kwanza, kwa sababu kuiacha ghafla kunaweza kuleta homa kali, mwili kukakamaa kama ubao na kuchanganyikiwa, na mtu anaweza kufa.

Na upupu, mnaouulizia kama dawa ya asili? Ndio, mbegu zake zina levodopa kweli, nakubali. Ila mbegu moja sio sawa na nyingine, huwezi kujua umekula kiasi gani, na ukijumlisha na vidonge unazidisha dozi.

Kingine kinachoniumiza kichwa ni dawa ya kuzuia kutapika, metoklopramaidi, wengi mnaiita Plasil. Inazuia dopamini, mgonjwa aliyekuwa anatembea anagandishwa kitandani. Haloperido, dawa ya magonjwa ya akili, nayo hivyo hivyo. Popote mnapompeleka, hata kama ni malaria tu, semeni mapema "huyu ana Parkinson", na mwonyesheni daktari boksi la dawa anazotumia.

Utaratibu wa kuchukua dawa: njoo na cheti cha daktari, kadi ya kliniki, kadi ya bima kama unayo, na boksi la zamani hata likiwa tupu, maana nguvu za vidonge zinatofautiana na "kile cha njano" hakinisaidii kitu. Njoo vidonge vikiwa vimebaki vya wiki nzima, sio usiku wa mwisho. Ndugu anaweza kumchukulia mgonjwa, ila tarehe ya kumwona daktari mgonjwa aje mwenyewe. Hizi ni dawa za cheti. Duka la dawa muhimu lina orodha yake ya dawa linazoruhusiwa kuuza, likiuza nje ya hapo linajitafutia adhabu, mpaka kufungiwa, kwa hiyo msigombane na yule dada wa dukani akiwakatalia.

Akilazwa, njooni na vidonge vyake na karatasi ya saa zake, mkabidhini nesi wa zamu, na zamu ikibadilika mkumbusheni na anayeingia. Raundi ya dawa wodini inaweza isilingane na saa zake, ombeni kwa upole apewe kwa saa zake.