Kikwazo cha kiutamaduni ni kipi hasa?

Slaidi ya tatu ya mtoa mada kongamanoni ilikuwa na kichwa "Vikwazo vya Kiutamaduni", na chini yake vitu sita: riba ya benki, kodi, umeme, bei ya bando, usumbufu wa kusajili kampuni, halafu "Watanzania hatuna moyo wa biashara". Vijana wa kampuni changa za teknolojia waliojaa ukumbini wakaafiki, wengine wakapiga picha. Hilo ni kongamano la tatu ninalokaa nikisikia neno hili likibebeshwa mizigo isiyo yake, na safari hii chai ilinipalia.

Maana yenyewe haina makuu. Kikwazo cha kiutamaduni ni mazoea, imani au matarajio ya jamii yanayomfanya mtu asianzishe biashara, asiikuze, au asiaminiwe nayo, ilhali hakuna sheria inayomkataza wala bei inayomshinda. Penye sheria, sema sheria. Penye bei, sema bei.

Sasa tulitazame neno. Kikwazo kimetoka kwenye kukwaa, kisha kukwaza, ndiyo maana tunaambiana "samahani kama nimekukwaza". Ni kisiki au jiwe la njiani, linalomwangusha mtu ambaye tayari anatembea. Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Geti lililofungwa halimkwazi mtu, linamzuia, na hicho ni kizuizi. Benki inapomwambia msichana alete hati ya nyumba ndipo akopeshwe, naye mali yake yote ni programu iliyo ndani ya laptopu, hapo hajajikwaa. Amekuta geti.

Utamaduni nao una mkasa wake. Asili yake ni Kiarabu, tamaddun, neno la ukoo mmoja na madina, yaani mji. Kwa hiyo tangu mwanzo lilibeba habari za watu wa mjini, wanaokaa na wageni, wanaouza na kununua, wenye taratibu zao za kuishi pamoja. Sisi tumelihamishia kwenye ngoma, vibuyu na picha za bibi akitwanga, mpaka mtu akisema "utamaduni wetu" anamaanisha kitu kikongwe kisichosogea. Ukilichukua hivyo, lazima utaliona adui wa teknolojia. Kama unataka neno la yale tuliyorithi na tunayafanya kwa sababu ndivyo yalivyofanywa, Kiswahili kinazo mila na desturi, hazijaenda likizo.

Kilichonikera zaidi ni lile la sita. Huo "moyo wa biashara" tunaoambiwa hatuna, kutoonekana kwake kuna tarehe. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni binafsi, kupokea mishahara miwili au zaidi, hata kupangisha nyumba. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Kuzuia Uhujumu Uchumi, na msako wake ukawafanya watu waogope kuonekana na katoni za sabuni stoo, wasije wakaitwa walanguzi. Yale masharti ya uongozi yalikuja kulegezwa na Azimio la Zanzibar la mwaka 1991. Aliyekuwa kijana mwaka ule wa msako leo ni baba mkwe wa mtu, na akimshauri binti yake aachane na mambo ya programu atafute ajira serikalini, hazungumzi sauti ya mababu. Anakumbuka gazeti la siku zile za msako. Woga huo umegeuka mazoea, nakubali, na unakwaza kweli. Lakini una umri mdogo kuliko yeye mwenyewe.

Na lile jingine tunaloambiwa, kwamba hatuaminiani? Kina mama wa kikoba wana sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na pesa inahesabiwa mbele ya wote. Na M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 haikumfundisha mtu kutuma pesa nyumbani. Watu walikuwa wakizituma siku zote, kwa dereva wa basi, kwa jirani anayesafiri, kwa bahasha. Desturi ile ile tunayoilaumu kwamba ndugu wanakula mtaji ndiyo iliyoipa huduma hiyo wateja.

Lakini vikwazo vya kiutamaduni vya kweli vipo, nami nimekiona kimoja sebuleni kwangu. Mpwa wangu na rafiki yake wa tangu sekondari walitengeneza programu ya simu ya kuwaagizia mama ntilie kuku wa nyama. Akatokea mtu mwenye pesa, akauliza swali moja: hisa mmegawanaje? Hawakuwa na karatasi. Mpwa wangu akasema basi tukae tuandike, nani ana ngapi, na mmoja akiondoka inakuwaje. Mwenzake akaweka kikombe chini taratibu, akamwangalia, akamuuliza, "Kwani huniamini?"

Hapakuwa na jibu zuri. Ukisema nakuamini, ya nini karatasi? Ukisisitiza karatasi, umeshasema humwamini. Mama yake mpwa wangu, dada yangu huyo, akaingilia kati kutoka jikoni: "Nyie si ndugu jamani, mambo ya kuandikishana ya nini?" Karatasi haikuandikwa, mwenye pesa akaacha kupokea simu, na vijana wale wakakaa karibu miezi miwili wakisalimiana kwa shingo upande. Hakuna sheria iliyowakataza kuandika, na kalamu ilikuwa mezani. Hicho sasa ndicho kikwazo cha kiutamaduni, kwa maana yake kamili: kwetu kumwandikisha mtu wako wa karibu ni kumtukana. Kingine ni cha binti anayeandika programu vizuri kuliko kaka zake lakini akichelewa kikao baada ya magharibi, mtaa mzima unajadili alikuwa wapi.

Kwa hiyo, ndugu mtoa mada, slaidi zako zilikuwa safi na sauti yako ilifika mpaka viti vya nyuma. Kwenye ile ya tatu tu, rudisha riba, kodi, umeme, bando na usajili kwenye slaidi ya pili, ile ya sera. Lile la sita liwekee mwaka. Nafasi itakayobaki inatosha kuandika "Kwani huniamini?"